Maji Yakiugua, Samaki Haponi

Maelezo ya Afisa Uvuvi kwa wananchi katika mkutano wa hadhara wa kata



Wiki chache zilizopita sato wamekufa kwa wingi katika mabwawa ya bondeni, na majirani wameanza kutazamana kwa jicho la shaka, wakiulizana ni nani aliyetia sumu. Nimefika na kuwatazama samaki hao. Walikuwa wametokwa macho, wakiogelea kwa kuzungukazunguka kama walevi. Dalili hizo hufanana zaidi na ugonjwa wa bakteria aina ya streptokokasi, ambao hushamiri maji yanapopata joto. Sampuli imepelekwa maabara kuthibitisha. Hadi majibu yatakapofika, naomba asishutumiwe mtu.

Bakteria wengi si wageni bwawani. Aeromonasi, kwa mfano, huishi katika maji baridi siku zote bila kumdhuru samaki mwenye afya. Lakini samaki wanaposongamana, chakula kilichobaki kinapooza, hewa inapopungua majini, au magamba yanapochubuliwa na wavu, bakteria huyo hupata mlango. Ndipo tunapoona madoa mekundu, vidonda na tumbo lililovimba.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Samaki wakipanda juu alfajiri kutweta, kisha wakatulia jua likipanda, hiyo kwa kawaida ni dalili ya upungufu wa hewa. Sitisheni chakula na muongeze maji safi.

Nimesikitika kukuta vidonge vya binadamu na dawa za kuku vikimwagwa bwawani. Samaki mgonjwa hupoteza hamu ya kula, hivyo dawa iliyochanganywa katika chakula huliwa zaidi na walio wazima. Bakteria dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana. Kesho usugu huo huweza kuwafikia bakteria wanaowaugua watoto wetu, na dawa ile ile isiwafae. Asitumie mtu dawa bila maelekezo ya mtaalamu.

Tuyatendayo wenyewe ndiyo kinga kubwa. Waopoeni samaki waliokufa kila siku, muwazike mbali na maji, wala msiwatupe mtoni, kwani maji ya mto huo ndiyo yanayoingia katika bwawa la jirani aliye chini yenu. Punguzeni chakula wakati wa ugonjwa. Nyavu za kuazimana zioshwe na kuanikwa juani kabla ya kutumika kwingine. Baada ya mavuno, kausheni bwawa hadi udongo upasuke, kisha mtie chokaa kabla ya kupandikiza vifaranga wapya.

Kwa walaji na wachuuzi: samaki aliyekufa kwa ugonjwa asiuzwe, hata kwa bei ya kutupa. Samaki apikwe hadi aive kabisa. Mwenye jeraha mkononi asipare samaki bila glavu.

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, huoza wote. Walikuwa wakizungumzia watu, lakini bondeni kwetu maneno hayo ni kweli kama yalivyo. Mabwawa yetu yanatumia mto mmoja. Anayeficha ugonjwa kwa kuogopa aibu huupeleka kwa mwenzake. Atakayeona dalili hizi, atoe taarifa siku hiyo hiyo katika ofisi ya kata.