Chuo cha Centre na Mchezo wa Harvard

Katika mwaka 1921 Chuo cha Centre, mjini Danville, jimbo la Kentucky huko Marekani, kilikuwa na wanafunzi wapatao 300 tu. Walicheza mpira wa Kimarekani, ambao hubebwa mikononi. Mwaka 1920 walikwenda Harvard wakashindwa 31 kwa 14. Husimuliwa kwamba Bo McMillin alipotunukiwa mpira wa siku ile aliukataa, akasema watarudi kuushinda.

Wakarudi tarehe 29 Oktoba 1921. Harvard haikuwa imeshindwa hata mara moja katika misimu miwili iliyotangulia, na hadi mapumziko hakuna aliyepata kitu. Walipoanza tena, McMillin aliukumbatia mpira, akawapenya walinzi na kukimbia yadi 32 hadi mstari wa mwisho. Centre 6, Harvard 0.

Baadaye waliishinda Kentucky 55 kwa 0. Kisha wakasafiri mno, pengine kupita kiasi: tarehe 26 Desemba walikuwa San Diego, wakaishinda Arizona 38 kwa 0; tarehe 2 Januari 1922 walikuwa Dallas mbele ya Texas A&M. Asubuhi hiyo hiyo McMillin alikuwa amefunga ndoa. Walishindwa 22 kwa 14.