Mwandishi Akija Shuleni, Watoto Wawe Wameshamsoma

Hotuba kwa walimu wakuu na wasimamizi wa vituo vya chekechea



Mtoto wa Gredi ya 4 akiulizwa ni nani aliyeandika kitabu alichoshika, atasoma jina lililo kwenye jalada. Lakini halioni kuwa jina la mtu anayepanda matatu na kununua sukuma wiki. Kwake, vitabu huja shuleni kwenye katoni, kama chaki. Mtoto wa namna hiyo husoma kwa sababu ameambiwa asome, na wazo kwamba siku moja naye anaweza kuandika halimjii. Hiyo ndiyo sababu ya kumwalika mwandishi au mchoraji wa vitabu vya watoto shuleni.

Wapo wanaodhani kwamba mgeni kama huyo lazima atoke Nairobi. Marehemu Asenath Bole Odaga aliandika hadithi za watoto na kuendesha kampuni yake ya uchapishaji mjini Kisumu. Marehemu Ken Walibora, mwandishi wa Ndoto ya Amerika, alikulia Cherangani. Hata leo wapo walimu wanaofundisha mchana na kuandika usiku. Kabla ya kutafuta mbali, mwalimu mkuu aanze kwa kuuliza katika shule jirani, katika maktaba na kwa wachapishaji.

Kumpata mgeni si kazi ngumu sana. Ugumu uko katika kuitumia siku yenyewe. Ziara huharibika shule nzima ikipangwa uwanjani juani, kukawa na hotuba nne, nyimbo tatu, kisha mwandishi akapewa dakika kumi mbele ya watoto ambao hawajawahi kufungua kitabu chake. Picha zitapigwa na chai itanyweka, lakini kesho yake hakuna mtoto atakayekumbuka alichosema mgeni.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kusoma. Wiki tatu kabla ya ziara, kitabu kianze kusomwa darasani. Shule ikiwa na nakala mbili tu, mwalimu asome kwa sauti, sura moja kila siku. Watoto waandike maswali yao wenyewe, na yasisahihishwe hadi yafanane na ya mwalimu. Mtoto anayetaka kujua kwa nini fisi hakuadhibiwa mwishoni ameuliza swali ambalo mwandishi atalijibu kwa furaha.

Sharti la pili ni udogo wa kundi. Darasa moja au mawili, katika vipindi viwili vya dakika 35 vilivyounganishwa, yatafaidika kuliko wanafunzi mia sita uwanjani.

Vituo vya chekechea visijione vimeachwa nje. Huko mgeni anayefaa zaidi ni mchoraji, kwa kuwa mtoto wa PP1 husoma picha kabla ya kusoma herufi. Mchoraji aje na michoro yake ya kwanza ya penseli, ile iliyofutwa na kurudiwa. Watoto waone kwamba hata mtu mzima hukosea mguu wa twiga na kuuchora upya. Wakubwa kidogo waelezwe kwa nini vitabu vingi vya picha vina kurasa 24 au 32: karatasi kubwa huchapishwa, hukunjwa, kisha hukatwa. Na kwa kuwa mtaala unaagiza watoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, mgeni anayesimulia kwa lugha hiyo apewe nafasi.

Kuhusu malipo, ukweli usemwe. Mwandishi anayekuja shuleni yuko kazini. Soda na makofi havilipi nauli. Ada, usafiri na chakula vikubaliwe kwa maandishi kabla ya siku ya ziara. Shule tatu jirani zinaweza kugawana gharama: moja asubuhi, nyingine mchana, ya tatu siku inayofuata. Mzazi asilazimishwe kununua kitabu, wala mtoto asiachwe nje ya darasa kwa kukosa pesa. Ni heri shule inunue nakala chache zibaki kabatini.

Usalama wa watoto nao usisahaulike. Mwalimu awe darasani muda wote, hata mgeni akiwa mtu anayefahamika. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda watoto, picha zao zisisambazwe kabla ya mzazi au mlezi kukubali.

Mipaka ya kazi pia ieleweke. Chini ya Mpangilio wa Nne wa Katiba, elimu ya chekechea na maktaba ni majukumu ya kaunti, na shule za msingi ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kwa hiyo kaunti haiwezi kuiamuru shule ya msingi kumwalika mtu. Uamuzi ni wa mwalimu mkuu na bodi yake. Shule isiyo na chumba cha kutosha inaweza kuomba kuwapeleka watoto kwenye maktaba ya umma, na mgeni akawapata huko.

Mgeni akishaondoka, watoto watunge na kuchora hadithi zao, zishonwe kwa uzi na kuwekwa rafu moja na vitabu vingine. Baada ya mwezi, mwalimu afungue daftari la kuazima vitabu. Majina yakiwa yameongezeka, ziara ilifaa. Yasipoongezeka, ilikuwa sherehe tu.

Ombi kwa kila shule muhula huu ni dogo. Kabla ya kuandika barua ya mwaliko, kichaguliwe kitabu kimoja, na kianze kusomwa Jumatatu.