Eksirei Safi, Goti Bovu

Msikilizaji, Januari mosi 2020, mshambuliaji wa Aston Villa, Mbrazili Wesley Moraes, aliumia kano za goti katika mechi na Burnley. Wiki tatu hazijaisha, Villa wakamsajili Mbwana Samatta kuziba pengo, naye akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Wesley mwenyewe alirudi uwanjani Aprili 2021, tena akiwa na madaktari wa klabu.

Sasa mfikirie kijana wa Kasulu aliyeumia vivyo hivyo kwenye uwanja wa mteremko, au mama wa Kibondo aliyeteleza na mkungu wa ndizi kichwani. Anapigwa eksirei, anaambiwa mfupa haujavunjika, anapewa dawa za maumivu. Nyumbani anachuliwa na kukandwa maji ya moto. Uvimbe ukishuka anajitwika mzigo, anashuka mlima, goti linamwachia.

Eksirei haikukosea. Imeonyesha mifupa, kano hazionekani humo. Goti lina kano kuu nne. Mbili ziko pembeni, ndani na nje, zikizuia goti lisipinde kwenda kando. Mbili ziko katikati, zimepishana kama herufi X: ya mbele inazuia ugoko usichomoke kwenda mbele, ya nyuma inauzuia usirudi nyuma. Ya nyuma huumia sana kwenye ajali za bodaboda, ugoko unapogonga kitu goti likiwa limekunjwa. Ya mbele hukatika hata bila kuguswa na mtu: unakimbia, unageuka ghafla, wayo umeng'ang'ania chini. Wengi husikia mlio ndani ya goti. Likivimba ndani ya saa chache, mara nyingi hiyo ni damu. Tafadhali, lisichuliwe.

Kinachoniuma ni kwamba kuitambua kano ya mbele iliyokatika hakuhitaji hata umeme. Mgonjwa analala chali, goti limekunjwa kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Mhudumu anashika paja kwa mkono mmoja. Kwa mwingine anashika ugoko, chini kidogo ya goti, anauvuta mbele. Ukija tu bila kugota, tofauti na mguu wa pili, basi kano ina walakini mkubwa. Kipimo hicho huitwa Lachman, na tabibu aliyefundishwa hukimaliza kwa dakika moja. Goti likiwa limejaa na linauma mno, kirudiwe baada ya siku kadhaa. Mgonjwa asiondoke bila tarehe ya kurudi.

Wengi hawaulizi kwa kuogopa kwamba jibu ni upasuaji, na nauli ya kwenda hospitali ya Bugando au Muhimbili. Si kila mara. Mwaka 2010 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya vijana 121 waliokatika kano ya mbele. Kati ya 59 walioanza na mazoezi tiba, 36 walimaliza miaka miwili bila kuunganishwa kano, na kundi lao kwa jumla halikuwa nyuma ya waliopasuliwa mapema. Mazoezi yenyewe ni kukaza msuli wa paja, kunyanyua mguu ulionyooka, kusimama kwa mguu mmoja, chini ya macho ya mtaalamu, kwa miezi. Goti likiendelea kuachia hata baada ya hapo, rufaa iandikwe mapema, maana kila linapoachia linaweza kuchana gegedu, na gegedu likishaharibika hata daktari bingwa hawezi kulirudisha kama lilivyokuwa.