Baada ya Taarifa Kutolewa: Ulinzi wa Manusura wa Ukatili Mkoani Singida

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 66, ilitamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila ya mahali inasema vinginevyo, na tamko hilo, lililotolewa wakati nchi nyingi zilikuwa bado zinahesabu kipigo cha mume kuwa siri ya chumbani, linastahili nafasi yake ya heshima katika historia ya sheria za Afrika Mashariki. Kifungu hicho, hata hivyo, hakikuweka adhabu, wala hakikueleza mwanamke aliyepigwa usiku atalala wapi kesho yake. Adhabu ilibaki katika Kanuni ya Adhabu, chini ya makosa ya shambulio na ya kudhuru mwili, na ikaongezwa makali na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kubaka. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba sheria za Tanzania Bara zimekuwa hodari zaidi wa kuilinda kesi kuliko kumlinda mtu, na kwamba kipindi kilicho kati ya taarifa ya kwanza na hukumu, ambacho huweza kuchukua miezi au miaka, ndicho kilichoachwa bila mlinzi.

Mkoa wa Singida unalionyesha pengo hilo kwa uwazi usio wa kawaida. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta ukiwa na watu wapatao milioni 2, waliotawanyika katika wilaya 5 za Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni, wengi wao wakulima na wafugaji wa Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo, Kitaturu na Kisukuma, pamoja na Wahadzabe wa Mkalama, na sehemu kubwa yao wanaishi mbali na barabara kuu zinazopita Manyoni na Singida mjini. Kitaifa, utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupata ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 27. Kupungua huko kunatia moyo, ingawa takwimu za namna hii hutegemea sana nani anauliza, na nani amesimama nje ya mlango akisikiliza.

Njia rasmi ya manusura, yaani mtu aliyefanyiwa ukatili na kubaki hai, huanzia kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo ni kitengo cha Jeshi la Polisi chenye askari waliofundishwa kupokea malalamiko haya katika faragha badala ya kaunta ambako kila mwenye shida ya kuku aliyeibwa anasikia. Hapo hutolewa fomu namba 3 ya polisi, maarufu kwa jina la PF3, ambayo daktari huijaza baada ya uchunguzi na ambayo baadaye hupokelewa mahakamani kama kielelezo, yaani hati au kitu kinachokuwa sehemu ya ushahidi. Mahakama ya Rufani imeziondoa PF3 katika kumbukumbu za mashauri mengi, ama kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, ama kwa sababu fomu haikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa. Mahakama hiyo hiyo, katika shauri la Selemani Makumba la mwaka 2006, ilisisitiza kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Kwa hiyo kesi inaweza kusimama bila karatasi, lakini ni vigumu kusimama bila mtu, jambo linalofanya usalama wa mtu huyo kuwa suala la ushahidi pia.

Upande wa tiba una saa zake. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72 baada ya tukio, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina ukomo wa saa 120, na kwa mkazi wa kijiji cha ndani ya mapori ya Itigi saa hizo zinaweza kuisha katika kutafuta usafiri, nauli na mtu wa kumsindikiza. Vituo vya mkono kwa mkono, ambavyo hukusanya daktari, askari, ofisa ustawi wa jamii na msaada wa kisheria mahali pamoja hospitalini, vilibuniwa ili manusura asisimulie masaibu yake mara nne katika ofisi nne. Ni ubunifu mzuri. Ila kituo kikimaliza kazi yake saa kumi jioni, manusura huyo hupanda gari kurudi alikotoka.

Anakorudi ndiko kesi nyingi zinakofia. Kikao cha ukoo hukaa, faini ya mbuzi au ng'ombe hutajwa, na mlalamikaji huombwa "ayamalize", na sheria yenyewe, kwa makosa madogo, haiko mbali sana na kikao hicho, kwani Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya asili ya binafsi yasiyofikia uzito mkubwa, nayo Sheria ya Ndoa inamtaka anayedai talaka apitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Usuluhishi una thamani yake pale wagombanao wanapolingana nguvu, lakini aliyepigwa na aliyempiga hawakai kwenye mkeka mmoja kwa usawa huo. Kubaka hakusuluhishwi kisheria, lakini miaka 30 hiyo hiyo iliyokusudiwa kutisha huzipa familia sababu ya kunyamaza pale mshtakiwa anapokuwa mjomba, au baba anayelisha nyumba nzima. Zaidi ya hayo, sheria ya ushahidi inaruhusu mke kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe pale anaposhtakiwa kwa kumdhuru yeye au mali yake. Kwa lugha nyepesi, dola inaweza kumwamuru aseme asubuhi, bila kumweleza atajibu nini jioni.

Ukeketaji, ambao ni kukata sehemu za siri za mtoto wa kike au mwanamke bila sababu ya kitabibu, unaleta ugumu wa aina nyingine, na hapa Singida inatofautiana na mikoa inayotajwa zaidi katika magazeti. Utafiti wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 31 ya wanawake wa mkoa huo wamekeketwa, na ule wa mwaka 2022 asilimia 20. Mkoani Mara ukeketaji una msimu unaojulikana, hasa mwezi Desemba, na wanaokatwa ni wasichana wenye umri wa kutambua kinachowajia. Ndiyo maana nyumba salama, yaani makazi ya muda ya wanaokimbia ukatili, kama ile ya Mugumu wilayani Serengeti iliyofunguliwa mwaka 2014, imeweza kuwapokea waliokimbia kwa miguu yao wenyewe. Singida mtoto hukatwa mara nyingi akiwa mchanga, kwa siri, bila ngoma, na sababu inayotolewa ni lawalawa, jina la maradhi ya sehemu za siri na njia ya mkojo ambayo baadhi ya watu wanaamini hayaponi bila kukata. Maradhi hayo hutibika zahanati kwa dawa za kawaida. Mtoto wa miezi miwili hakimbilii nyumba salama, hapigi simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, wala hasimami kizimbani kuhojiwa.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamwadhibu mwenye malezi ya msichana wa chini ya miaka 18 anayemkeketa au kusababisha akeketwe, kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, na faini hiyo, iliyokuwa na uzito wake ilipotungwa, leo haimtishi mtu. Mtuhumiwa katika hali hii ni mama au bibi, na anayeweza kugundua ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, siku ya chanjo, anapomvua mtoto nguo ili ampime uzito. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kukiukwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inakusudia kumkinga anayefanya hivyo. Lakini muuguzi huyo ni jirani wa familia hiyo na huchota maji kisima kimoja nayo, na akijulikana kuwa mtoa taarifa, akina mama wataacha kuwaleta watoto kliniki, na chanjo itapotea pamoja na ushahidi. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa hadi ngazi ya kijiji chini ya mpango wa taifa wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, unaofahamika kama MTAKUWWA, zingefaa zaidi hapa kwa kumfuata mama kabla ya kujifungua, kumpa tiba ya lawalawa anayoihofia na kumpa mtu wa kumtaja mbele ya mama mkwe, kuliko kwa kumsubiri mtuhumiwa.

Kwa ukatili wa majumbani, majirani wamekwisha kutunga wanachokikosa wakazi wa Tanzania Bara. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2010, na Kenya, kwa sheria ya mwaka 2015, ziliweka amri ya ulinzi, ambayo ni agizo la mahakama linalomzuia mtuhumiwa kumkaribia au kumtisha mlalamikaji, na ambalo hutolewa kwa haraka bila kusubiri hatia kuthibitishwa. Uganda ilikwenda mbali zaidi kwa kuzipa mabaraza ya ngazi ya chini nafasi ya kupokea malalamiko hayo. Tanzania Bara haina sheria mahususi ya namna hiyo, ingawa hakimu anayetoa dhamana tayari anaweza kuweka sharti kwamba mshtakiwa asifike mahali fulani wala asikutane na watu fulani, na sharti hilo lingeweza kuombwa na mwendesha mashtaka leo hii, bila bunge kukutana. Udhaifu wake ni kwamba linamsubiri mtuhumiwa akamatwe na kushtakiwa, na mtu ambaye hajakubali kushtaki halimfikii.

Amri ya ulinzi ikitungwa kwa ajili ya mkoa wa wakulima itabidi itaje shamba na stoo pamoja na nyumba. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, lakini mgawanyo huo huja na talaka, wakati mwanamke wa Ikungi anayeondoka mwezi wa Mei anaiacha alizeti shambani kabla ya kuvunwa na mtama ukiwa bado kwenye masuke. Hakimu atakayemwamuru mume asiikaribie nyumba huku akimwachia ufunguo wa stoo na haki ya kuuza magunia atakuwa amempa mlalamikaji wiki chache tu kabla njaa haijamrudisha kwa mume huyo huyo.