Kumrudisha Mnyama Porini Si Kumfungulia Mlango Tu



Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliletwa kutoka Ulaya na kuachiwa huru katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Kazi hiyo iliongozwa na Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt. Sokwe hao walikuwa wamenaswa Afrika, wakauzwa ng'ambo, na baadhi yao wakakaa vizimbani kwa miaka. Huo nao ulikuwa unyonyaji, ingawa hautajwi sana.

Walistahimili. Walijifunza matunda ya msituni, wakajenga viota vya kulalia mitini, wakazaa. Vizazi vyao vingali kisiwani humo hadi leo. Lakini walikosa jambo moja: hofu ya binadamu. Madume wawili waliwashambulia watu, ikabidi wapigwe risasi.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi hii. Kufunga jeraha na kumnywesha yatima maziwa kwa chupa ni sehemu nyepesi. Kazi ngumu ni kumzuia asituzoee. Mlezi asimbembeleze wala kumwita jina. Amweke pamoja na wenzake, na mganga wa mifugo ahakikishe kwamba hapeleki maradhi porini.

Nanyi walimu, wanafunzi wakileta mtoto wa swala, msimfunge kamba uani awe kitumbuizo cha shule. Mara nyingi hakutupwa. Mama yake alimficha nyasini akaenda malishoni. Arudishwe upesi pale alipookotwa. Yatima hasa, au aliyejeruhiwa, apelekwe kwa bwana nyama siku hiyo hiyo.