Kotmiri Nyuma ya Nyumba

Leo tutasema juu ya kotmiri. Wengine huiita dania, na mbegu zake ndizo giligilani tunazotwanga na kutia katika pilau.

Mara ya kwanza nilipoipanda nilikosea. Nilisia mbegu katika kitalu, kisha nikaihamisha miche kama tufanyavyo kabeji. Muda si muda yote ikatoa maua, na majani ya kutia mchuzini nikayakosa. Sababu ni hii: kotmiri ni ndugu wa karoti. Mzizi wake hushuka moja kwa moja, nao ukikatika, mche huacha majani ukakimbilia kuzaa mbegu. Basi ipande palepale itakapokaa, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa maana joto kali nalo huiharakisha.

Chukua punje moja uitazame. Ni mviringo, na ndani yake mna mbegu mbili. Zisugue punje polepole mpaka zipasuke, uziloweke usiku kucha. (Mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi usizisugue wala usizile, hizo panda tu.) Chora mstari, mwaga mbegu, funika kwa udongo kama nusu inchi, kisha nyunyiza maji. Usikate tamaa ukiona udongo mtupu kwa juma zima. Huota kwa siku 7 hadi 14, pengine zaidi. Miche ikisongamana, ipunguze. Hiyo unayoing'oa ni mboga tayari.

Sokoni kotmiri mara nyingi hufungwa mafungu pamoja na mizizi yake, kwa hiyo wengi hudhani ndiyo njia ya kuivuna. Yule anauza shamba zima. Wewe unataka majani ya leo na ya juma lijalo. Mche ukifika urefu wa shubiri moja, kata majani ya nje kwa kisu, uache moyo wa katikati. Utachipua tena.

Hata hivyo maisha yake ni mafupi. Ukipanda mbegu zote siku moja, zitakomaa pamoja, nawe utarudi sokoni na fedha yako mkononi. Hapa ndipo daftari lako linapofaa. Andika: “Mstari wa 1, nimepanda tarehe 3.” Baada ya majuma mawili au matatu panda mstari wa pili, uandike tena. Asiyeandika husahau, nami nimesahau mara nyingi.

Mstari wa kwanza ukianza kutoa majani membamba kama nyuzi, na maua meupe, uache. Punje zikigeuka rangi ya kahawia, kata vichwa, vianike kivulini juu ya gazeti, kisha pukuchua. Nusu weka jikoni. Nusu tia katika chupa kavu, na juu yake bandika karatasi yenye jina na tarehe, kwa mkono wako mwenyewe.