Mtoto Hangoji Shule



Leo tutasema juu ya mtoto mdogo ambaye hajapelekwa shuleni bado. Wazazi wengi husema: «Huyu hajui kitu, akitimiza miaka sita mwalimu atamfundisha.» Na tangu serikali yetu ya Kongo ilipotangaza mwaka 2019 kwamba shule za msingi za umma ni bure, maneno hayo yamezidi. Je, mtoto hungoja miaka sita ndipo aanze kujifunza? Hapana. Akili yake yaanza kujengwa tangu tumboni, nayo yakua upesi sana katika miaka ya kwanza. Mwalimu hupokea nyumba ambayo msingi wake umekwisha kuwekwa na wengine.

Labda mtasema: kazi hiyo ni ya matajiri. Sikilizeni basi habari ya maskini wenzenu, ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha Jamaika. Miaka ya 1986 na 1987, mjini Kingston, Bibi Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129, wenye umri wa miezi 9 hata 24, waliodumaa kwa kukosa chakula bora. Wengine walipewa kilo moja ya maziwa ya unga kila juma. Wengine walitembelewa nyumbani. Wengine walipata yote mawili. Wengine hawakupata hata moja.

Kutembelewa kulikuwaje? Msaidizi wa afya alikuja saa moja kila juma, muda wa miaka miwili. Alimwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto, kumtajia majina ya vitu, kumwitikia na kumsifu. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa chupa tupu na vitu vingine vilivyotupwa.

Miaka 20 baadaye wakatafutwa. Wale waliotembelewa walipata mshahara kupita wenzao kwa 25 katika mia, wakawa wamewafikia vijana ambao hawakudumaa utotoni. Na maziwa je? Yalisaidia wakati ule, lakini faida yake haikuonekana tena katika mshahara. Msidhani nasema chakula si kitu! Katika nchi yetu watoto zaidi ya 40 katika mia walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mwenye njaa sharti ale. Nasema tu kwamba kumlisha na kunyamaza hakutoshi.

Hapa nawageukia akina baba. Mama arudi shambani, kuni kichwani, mtoto mgongoni. Kisha maji, moto, na sombe ya kutwanga. Atasema na mtoto saa ngapi? Wewe uliyeketi chini ya mwembe, kachote maji. Au mpakate mtoto, umwambie: hili ni jembe, huyu ni kuku. Akikuonyesha kitu kwa kidole, taja jina lake, kisha ngoja akujibu kwa sauti yake, hata kama si neno bado.

Juma lijalo tutasema juu ya uji wa mtoto na vitu vya kuchanganya ndani yake.